Hogo mguuni, flashi kwenye TV: nilivyogeuka mtafsiri wa muvi wa mama

Naanza na mguu maana bila mguu hizi muvi nisingeziangalia. Mi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Mbagala, na mwaka jana kipindi cha masika niliteleza na pikipiki kwenye kokoto nikiwa sina hata abiria, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Nikafungwa hogo, nikaambiwa wiki nane. Sasa ukishafungwa hogo ndo unajua chumba kimoja cha Dar kilivyo, choo kipo nje, cha kuchuchumaa, na mtu mwenye hogo hachuchumai. Siku ya tatu nikampigia mama simu Tanga, wala sijamaliza kujieleza akasema "njoo nyumbani baba, waambie wakupe siti ya nyuma ulaze mguu". Nikaenda.

Kabla sijaondoka watu wa kijiweni walikuja kunipa pole, huyu machungwa, huyu juisi, na kuna mteja wangu mmoja dogo wa chuo nampeleka kila asubuhi, anasoma mambo ya filamu, yeye akaja na flashi ya GB 64 imejaa muvi. Akaniambia "broo usiangalie mpya tu, na za zamani angalia, nimekuchagulia". Mi nikasema asante ila moyoni nawaza si bora angeleta machungwa.

Kwa mama Makorora king'amuzi kilikua kimeisha kifurushi, kwa hiyo zile tamthilia zake za Kituruki zinazoongea Kiswahili zimekatika na yeye roho inamuuma. Ikawa jioni nachomeka flashi, mi nimelala kwenye mkeka mguu juu ya mto, yeye pembeni anachambua mchele au anakuna nazi. Na kila mtu akifungua mdomo kwenye TV, mama anauliza "kasemaje?"

Kasemaje. Hilo neno nimelisikia wiki nane.

Ya kwanza niliweka Rambo, ile ya mwanzo kabisa ya 1982, nikajua hii naijua kwa kichwa hata maandishi ya chini sihitaji. Maana hii niliiona utotoni hapo hapo Makorora kwenye kibanda umiza, kiingilio shilingi hamsini, mabenchi ya mbao zenye misumari, madirisha yamezibwa na magunia, joto kama tanuri, mlangoni jamaa ana fimbo ya kuwachapa wanaochungulia bure. Na muvi zenyewe zilikua na mtafsiri, ile sauti inayoongea juu ya kila mtu, mwanaume yeye, mwanamke yeye, mtoto yeye, mbwa yeye. Kwa mtafsiri wetu Rambo alikua anatafuta dada yake aliyetekwa na polisi wala rushwa. Tuliikubali hiyo stori miaka yote. Tulikua tunapiga kelele "steringi huyoo" na tunahesabu maiti.

Sasa mi na Kiingereza changu cha kidato cha nne nimekaa nasoma maandishi taratibu, nikashtuka. Hakuna dada. Jamaa katoka vitani Vietnam, anatembea kwa miguu kwenda kumsalimia rafiki yake wa jeshini, anafika anaambiwa yule rafiki kashakufa kwa kansa. Basi hicho ndo chanzo, hana pa kwenda, anapita kwenye kamji kadogo anatafuta chakula, mkuu wa polisi wa pale hataki sura yake, anampakia kwenye gari anamtoa nje ya mji kama wanavyofanya wale wanaokusanya ombaomba. Na zile maiti tulizokua tunahesabu, wapi, askari anayekufa unamwona ni mmoja, na huyo anadondoka mwenyewe kutoka kwenye helikopta. Sijui tulikua tunahesabu nini.

Mwisho ndo balaa. Rambo analia. Analia kabisa, kamasi, amekaa chini ukutani anamwambia mkubwa wake wa jeshi habari za rafiki yake kule Saigon, kuna mtoto alikuja na kiboksi cha kung'arisha viatu, rafiki akasema haya ning'arishie, kumbe kiboksi kina bomu. Mi hicho kipande nakikumbuka kibandani ila mtafsiri wetu alisema analia kwa sababu kapata taarifa mama yake kafariki kijijini, na sisi tukacheka kwa sababu steringi halii.

Mama akauliza "kasemaje?"

Nikamwambia kama ilivyo, rafiki, kiboksi, bomu, kwamba alikua anaokota vipande vya mwenzake. Mama akaacha kuchambua mchele. Akasema "na hao wakubwa waliompeleka huko vitani wako wapi?" Nikamwambia huyo mmoja ndo amekuja kumkamata. Akasonya.

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kazi ya mtafsiri ni nzito, maana ukikaa kwenye hiyo nafasi mtu anakuamini wewe kuliko picha. Yule wa kibandani sasa sina hasira nae hata kidogo. Nadhani alikua anaangalia watoto arobaini waliobanana kwenye benchi anajua hawa habari za Vietnam hazitawaingia, dada aliyetekwa wataelewa. Ila alininyima ile picha yenyewe kwa miaka ishirini na kitu, na hilo nalo nalisema.

Ya pili nikajitia ujuaji nikaweka ile ya 1957 ya watu kumi na wawili wa baraza la mahakama wanaobishana, 12 Angry Men. Dogo alikua ameandika kwenye karatasi "hii lazima". Wadau, msijaribu kumtafsiria mtu hii muvi. Wanaume kumi na wawili, chumba kimoja, joto, feni haifanyi kazi, nyeusi na nyeupe, na wote wanaongea kwa mpigo. Nasema "huyu anasema kijana kaua, yule anasema hajui, huyu anamwambia yule anyamaze", mama anauliza yupi, nasema yule mwenye tai, wote wana tai. Dakika ya thelathini mama akauliza "wanatoka lini humo ndani?" nikamwambia hawatoki, akasema basi mi naenda kulala mwanangu, wakitoka utaniamsha. Nikaimalizia peke yangu na hapo ikawa tamu hatari, mtu mmoja anasema sina uhakika, na mpaka mwisho kawageuza wengine kumi na moja bila kurusha ngumi. Pale kijiweni tuna kikao kila tukikamata mwizi na sijawahi kuona mtu mmoja akisema subirini kwanza. Siku moja nilitaka kusema mimi. Sikusema. Tuyaache.

Sholay ndo ilinigeuzia kibao, maana hii mama hakunihitaji. Nilivyoona tu jina nikamwambia mama leo picha la kihindi, la 1975, akainua kichwa, akasikia mlio wa treni na muziki wa mwanzo, akasema "hili ni la Gabbar!", yule mkuu wa majambazi. Alikua binti wakati linafika Tanga, alienda kuliona sinema mjini na shangazi yake, wamevaa baibui, na walirudi siku ya pili. Hajui Kihindi zaidi ya maneno kumi ya mapenzi lakini alinitafsiria dakika zote, na maandishi ya Kiingereza yako chini nayasoma, na hakukosea sana! Anajua Thakur, yule polisi mstaafu, kakatwa mikono kabla hatujaonyeshwa, akanionya "mwangalie anavyojifunika shuka, mwangalie". Ile sarafu ya Amitabh anayorusha kila wakitaka kuamua jambo, akaniambia mapema ina kichwa pande zote mbili, kaniharibia utamu wote, nikamwambia mama acha basi, akasema nimekaa nalo miaka hamsini unataka ninyamaze?

Amitabh alipokufa akalia kama mara ya kwanza. Dharmendra akilia na yeye analia. Mi namwangalia mama siangalii tena TV.

Tatizo likaja mwisho. Kwenye kopi yangu Thakur anamkanyaga Gabbar na viatu vyenye misumari, anakaribia kummaliza, polisi wanatokea wanasema muachie sheria. Mama akaruka "hapana! Alimuua! Mi nimeona kwa macho yangu". Nikamwambia mama ona hii hapa, akasema hiyo yako imekatwa. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Nikamwandikia dogo wa chuo meseji nimkomeshe mama, jibu likaja limenikomesha mimi, kwamba mwongozaji Ramesh Sippy alipiga kweli mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar, bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, ilikua kipindi cha hali ya hatari, hawataki kuonyesha polisi mstaafu anachukua sheria mkononi, ndo ikabidi wapige mwisho wa pili. Nikamsomea mama. Hakusema kitu, alitabasamu tu akaenda kuosha vikombe, na siku tatu mfululizo kila jirani aliyepita aliambiwa.

Mpya nazo tuliangalia, nyingi zimepita kama maji ya bomba, magari yanapaa, majumba yanaanguka, mama anasinzia. Iliyobaki ni Sinners ya 2025, ya Ryan Coogler, ile Michael B. Jordan kacheza mapacha wawili wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki kwa watu weusi, halafu usiku wanavamiwa na wanyonya damu. Mama nikajua ataikimbia, kumbe ndo aliyoielewa kuliko zote. Kwa sababu wale wanyonya damu hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Wanasimama mlangoni wanatabasamu, wanapiga gitaa, wanasema tukaribisheni basi. Mama akashika kifua, "msiseme karibu! Msiseme karibu!" Akanieleza kwamba bibi alikua hawaitikii hodi ya usiku mpaka mtu ataje jina, na ukisikia unaitwa usiku mara moja usiitike, subiri mara ya tatu. Mi nimekulia kwenye huo utaratibu na sijawahi kujua kwamba kuna watu Mississippi wangenielewa. Yule mama mwenye dawa za kienyeji, Annie, mwenye kumtengenezea mumewe kihirizi cha kuvaa, mama alimpa maksi zote. Na pale yule kijana anapopiga muziki wanatokea mababu wa zamani na vijana wa baadae wote wanacheza kwenye ukumbi mmoja, sikuulizwa kasemaje. Maoni yangu: nusu ya kwanza imezidi nusu ya pili. Wakishaanza kuuana inakua muvi kama nyingine.

Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, ya 2021, nayo ilikuwepo kwenye flashi, ile ya Zanzibar enzi za Mwingereza iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Hapo mtafsiri nilipumzika, Kiswahili mwanzo mwisho, na mama ana ndugu Pemba kwa hiyo anafurahia kila neno. Nzuri sana kwa macho, vichochoro, mvua, vivuli, ila inaenda kama jahazi lisilo na upepo, na mama lawama yake moja tu, kwamba Denge, yule kijana mpigania uhuru, hacheki, binti wa watu kaacha kwao kwa ajili yako hata kucheka? Mi nikasema ana mawazo ya siasa. Akasema wote walikua na mawazo ya siasa na walicheka.

Sasa nifike kwenye ile iliyonifanya niandike.

Wiki ya sita hivi. Nikaona file limeandikwa Bicycle Thieves, 1948, Italia. Tanga ni mji wa baiskeli, wanaoijua wanajua, nikamwambia mama leo picha la baiskeli, akaweka mbuzi wa kukunia nazi pembeni akakaa vizuri.

Stori ni ndogo sana. Roma, vita vimeisha, kazi hakuna. Jamaa anaitwa Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani ila masharti uwe na baiskeli, na yake kaiweka rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani, anayapeleka kwenye duka la rehani ili baiskeli itoke. Kuna kipande hapo yule karani anachukua furushi lao anapanda nalo kwenye mashelfu, anapanda, anapanda, na kote mpaka juu darini ni mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Mama akasema taratibu "yote hayo ya watu?" Nikasema yote. Yule jamaa kwenye maisha yake hakua muigizaji, alikua mfanyakazi wa kiwandani, na inaonekana, anashika ngazi kama mtu anayejua uzito wa ngazi.

Siku ya kwanza kazini, yuko juu ya ngazi anabandika tangazo la muvi, mwizi anarukia baiskeli anaondoka. Basi. Muvi nzima iliyobaki ni yeye na mtoto wake mdogo Bruno wanaitafuta mjini.

Mi jasho lilinitoka nawaambia. Pikipiki yangu ni ya mkataba, kila siku hesabu kwa bosi, ilikua imebaki miezi minne iwe yangu, na nilikua nimelala kwenye mkeka naijua ipo kwa fundi Mbagala ila usiku naota imeibwa. Mshkaji wangu wa kijiweni ilimpata, abiria walimkaba Chamazi, na mkataba haujui kukabwa, aliendelea kulipa pikipiki ambayo haipo.

Mama yeye anauliza "anaipata?" Kila dakika kumi, "anaipata lakini?" Mi nasema tuone. Kuna mganga kule, mama mmoja mtu mzima, watu wamepanga foleni wanampa hela. Mwanzoni mkewe Antonio anaenda Antonio anamcheka, baadae kashaikosa baiskeli anaenda mwenyewe, anatoa hela, na yule mganga anamwambia utaipata sasa hivi au hutoipata kabisa. Mama alicheka mpaka khanga ikamdondoka. "Hela yote hiyo kwa maneno hayo! Hata mi ningemwambia!"

Halafu mwisho. Antonio amechoka, amekaa pembeni ya barabara, baiskeli za watu zimepangwa maelfu, na kuna moja imeegeshwa mlangoni peke yake. Anamwambia mtoto panda gari tangulia. Anaiiba. Hafiki mbali wanamkamata, wanamzunguka, makofi, kofia inadondoka, na Bruno hakupanda gari, anaona yote, anakuja analia anashika koti la baba yake.

Mama akauliza "kasemaje huyo? Wanamwambiaje?"

Maandishi yalikua pale chini nayaona. Nikasema "wanamsema tu mama".

"Hakuna mtu anasemwa tu namna hiyo."

Sikujibu. Mwenye baiskeli akamwangalia mtoto akasema muacheni. Baba na mtoto wakaondoka kwenye umati, baba machozi yanamtoka, mtoto anashika mkono wa baba. Ikaisha. Kioo kikawa cheusi, feni inazunguka, nje muadhini anaadhini isha na mama hajanyanyuka.

Akasema "baba yako yake iliibwa Ngamiani".

Mi ndo nasikia. Baba nimemjua mtembeaji, amefariki nikiwa darasa la sita, namkumbuka anatoka alfajiri na kasha la mikate ya boflo kichwani. Kumbe kulikua na baiskeli, Foniksi nyeusi, kasha lilikua linafungwa nyuma, aliiegesha sokoni akaingia kudai hela ya mikate akatoka haipo. "Alirudi saa nne usiku. Akaniambia mama nanihii, baiskeli nimeiuza. Nikasema sawa."

"Ukaamini?"

"Hela yake iko wapi sasa?" Akasimama akakunja mkeka wake. "Nilisema sawa. Na watu wote mtaani tuliwaambia imeuzwa."

Akaenda kuswali.

Hogo lilitolewa Alhamisi ya wiki ya nane, mguu umekonda kama wa kuku, nikawa nafanya mazoezi na magongo kutoka chumbani mpaka kibarazani. Siku ya pili yake jioni nasogea mlangoni nasikia mama yuko kibarazani na jirani yake wanachambua mboga, anamsimulia picha. Anasimulia vizuri kuliko mimi, mashuka, karani anapanda shelfu, mtoto anakimbia nyuma ya baba, anaigiza mpaka sauti. Nikasimama.

"...basi wametafuta mji mzima mpaka miguu imevimba, jua linazama, yule mtoto ndo akasema baba, mbona kule kwa mganga hatujaangalia nyuma? Wakarudi. Na ipo! Imeegeshwa uani, imefunikwa gunia. Wakaikokota mpaka kwao, baba huku mtoto huku."

Jirani akasema "alhamdulillahi".

Mama akageuka akaniona na magongo yangu.

"Si ndivyo, baba?"

"Ndivyo mama."